Siku 30 zilizogeuka miaka 4: kufunga watu kinywa hakulindi watu

Hotuba mbele ya vijana wa Bunia, tarehe 6 Mei 2025

Asante kwa wale wametoka Mudzipela, Bankoko, Nyakasanza na Sukisa, na asante zaidi kwa wale wametoka site ya wakimbizi ya Kigonze. Tuko wengi, nitasema wazi na sitakawia sana.

Leo ni tarehe 6 mwezi wa tano. Siku kama ya leo, mwaka 2021, état de siège ilianza kazi hapa Ituri na Kivu ya Kaskazini. Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi tarehe 3, na tarehe 6 wanajeshi wakachukua nafasi ya viongozi raia. Hapa kwetu alikuja Luteni Jenerali Johnny Luboya kuwa gavana, na msaidizi wake akatoka polisi. Wakuu wa teritwari na mameya nao wakabadilishwa. Muda uliotangazwa ulikuwa siku 30.

Siku 30! Leo tunahesabu miaka 4.

Imewezekana namna gani? Fungueni Katiba yetu, kifungu cha 144. Kinasema état de siège inakaa siku 30, kisha inakufa yenyewe, isipokuwa Bunge la taifa na Seneti wakiruhusu iongezwe siku 15. Kisha 15 tena. Walioandika Katiba waliweka zile siku 15 makusudi, ili kila mara madepite waulize: imefanya nini? Tuendelee ao tusimamishe? Sasa pigeni hesabu: siku 15 kwa siku 15, miaka 4, inapita mara 90. Mara zaidi ya 90 ile mlango wa maswali ulikuwa wazi, na mara zaidi ya 90 walipita tu kama mtu anayepita barieri bila kuangaliwa. Kitu cha dharura kimekuwa desturi. Hilo ndilo nataka tuzungumze leo.

Kwanza tuseme ukweli mmoja. Mwaka 2021 watu wengi wa Ituri walifurahia. Hatuwezi kuwacheka. Mama aliyekimbia Djugu mara tatu na watoto mgongoni, ukimwambia jeshi linakuja kuongoza na vita itaisha, atajibu nini? Atasema "aksanti Mungu". Watu waliambiwa: mtupatie uhuru wenu kidogo, kwa muda kidogo, na sisi tutawapatia usalama. Ilikuwa mapatano. Na kwenye mapatano, kila upande unaleta chake. Basi tuangalie nani alileta nini.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, wiki chache tu baada ya kuanza, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, teritwari ya Irumu. Mwanzo wa mwezi wa pili 2022, wakimbizi karibu 60 waliuawa kwenye site ya Plaine Savo, Djugu. Walikuwa wamekimbia vita, vita ikawafuata mpaka ndani ya mahema. Mwezi wa sita 2023, site ya Lala, zaidi ya 40. Mwezi wa pili mwaka huu, Djaiba, zaidi ya 50. Na upande wa pili wa état de siège, Kivu ya Kaskazini, mji wa Goma wenyewe uliangukia M23 mwezi wa kwanza mwaka huu, ukiwa na gavana mwanajeshi na sheria zote za kijeshi.

Mimi sisemi askari hawafanyi kazi. Askari wetu wanakufa Djugu, wanakufa Irumu, wengine wanakaa porini bila chakula cha kutosha. Askari yule si adui wetu. Lakini yeye pia alidanganywa. Mwaka 2021 uleule, maofisa kadhaa walikamatwa hapa Ituri kwa shauri la kula pesa za operesheni. Sasa niambieni: mwandishi wa habari anayeuliza pesa za vita zilienda wapi, anamsaidia adui ao anamsaidia yule askari mwenye njaa?

Basi usalama haukuja kama ilivyoahidiwa. Na uhuru je? Uhuru wenyewe uliondoka kweli, na kwa haraka.

Amri ya utekelezaji ya tarehe 3 Mei 2021 iliwapa wakubwa wa kijeshi nguvu ya kuingia nyumba ya mtu usiku ao mchana kufanya upekuzi. Iliwapa nguvu ya kukataza mikutano na maandishi wanayoona yanaweza kuleta vurugu, ya kuzuia watu kutembea, na ya kufukuza mtu wanayeona hafai kukaa mahali. Angalieni yale maneno: "wanayoona". Nani anaona? Yeye mwenyewe. Nani anamuuliza? Hakuna. Na kesi za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Muuza makala, mwalimu, mwanafunzi, wote mbele ya hakimu mwenye vyeo mabegani. Tukumbuke pia kwamba tangu mwezi wa tatu 2024 serikali imerudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo. Mahakama za namna hiyo si mchezo.

Mwezi wa 11 mwaka 2021, vijana 12 wa LUCHA walikamatwa Beni, walipokuwa wanapinga kuongezwa kwa état de siège kwa amani. Walikaa gerezani, kisha tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawapa kila mmoja miezi 12. Hawakuwa na panga, hawakuwa na bunduki. Tarehe 24 Januari 2022, Beni tena, kijana mwingine wa LUCHA alipigwa risasi kwenye maandamano, akafa. Na tarehe 30 Agosti 2023 huko Goma, askari waliwafyatulia risasi watu waliotaka kuandamana kupinga MONUSCO. Watu zaidi ya 40 walikufa asubuhi moja. Mahakama ya kijeshi yenyewe ilimhukumu kolonili mmoja juu ya mambo hayo. Lakini hukumu ilikuja baada ya maiti.

Hapa Bunia tunajua ile hofu ndogo ya kila siku. Mtu anafuta ujumbe kwenye telefoni mbele ya barieri. Motari anatoa pesa bila kuuliza risiti. Mama sokoni anasema "mwanangu, nyamaza, hii ni wakati wa wanajeshi". Hivi ndivyo uhuru unavyopotea: hakuna siku moja ambapo unachukuliwa wote. Kila mmoja anajifunza kunyamaza kidogo, mpaka mji mzima unasema kwa sauti ya chini.

Kuna jibu wanalotupatia kila mara: "Ninyi vijana, nchi iko kwenye vita. Haki za binadamu mtazidai vita ikiisha." Wengi wenu mmelisikia, hata kwa wazee nyumbani. Tuwajibu kwa heshima, lakini tuwajibu.

Jibu la kwanza ni sheria. Katiba yetu haikusahau vita. Kifungu cha 61 kinasema hata kama état de siège imetangazwa, kuna haki ambazo hakuna mtu anaweza kuzigusa: haki ya kuishi; kukatazwa kwa mateso; kukatazwa kwa utumwa; kwamba hakuna kosa wala adhabu bila sheria; haki ya kujitetea na kukata rufaa; kutofungwa juu ya deni; uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Na kifungu cha 156, kilekile kinachoruhusu mahakama za kijeshi kuchukua kesi za raia, kinasema haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Basi état de siège ina mipaka. Ofisa anayempiga kijana kwenye kasho na kusema "hii ni état de siège", huyo anavunja sheria ya état de siège yenyewe.

Jibu la pili linahusu usalama wenyewe. Nani anaona waasi wa kwanza? Si setilaiti. Ni mama anayeenda shamba. Ni motari anayepita barabara ya Komanda. Ni kijana wa kijiji anayeona nyayo mahali ambapo hakuna mtu anapita. Hao ndio macho ya nchi. Lakini mtu aliyepigwa jana kwenye barieri, leo atapiga simu kwa nani? Mtu anayejua kwamba mwenye kutoa habari anaulizwa "wewe ulijuaje?" na kulala kasho, atanyamaza. Na akinyamaza, kijiji kinachomwa. Kila mdomo mnaoufunga ni jicho mnalolipofusha. Kwa hiyo tukidai uhuru wa kusema, hatuombi zawadi ya wakati wa amani. Tunadai silaha ambayo raia anayo kwenye vita.

Tuweke pia mpaka wetu wenyewe, ili wasituchafue. Kuna siri za kweli. Mahali askari wamelala, njia watakayopita kesho, idadi yao: hayo usiyaweke kwenye WhatsApp, usipige picha msafara wa jeshi, hata kama unawapenda. Unaua watu. Lakini pesa zilitumika namna gani, nani alikamatwa na yuko wapi, ni wangapi waliuawa, kwa nini askari walichelewa kufika: hayo si siri ya jeshi. Ni hesabu ya Leta kwa raia wake. Yule anayechanganya hayo mawili makusudi, ana kitu anaficha.

Wala hii si shida ya Kongo peke yake. Jirani zetu wa Kenya, baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Mpeketoni mwaka 2014, walipata sheria mpya ya usalama mwezi wa 12 mwaka 2014. Ilitaka pia kuwabana waandishi wa habari. Wapinzani na mashirika ya raia wakaenda mahakamani, na mwezi wa pili 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele 8 vya ile sheria. Kenya haikuvunjika juu ya hiyo. Mahakama ilisema tu kwamba kupigana na magaidi hakumpi mtu ruhusa ya kuitupa Katiba.

Sisi pia tulisikilizwa mara moja. Mwezi wa nane 2023 iliitishwa meza ya mazungumzo Kinshasa juu ya état de siège, na wajumbe wengi wakaomba iondolewe. Tarehe 12 Oktoba 2023 Rais akatangaza itaondolewa polepole, na haki ya kutembea na kuandamana kwa amani irudi. Sauti iliyosema tangu 2021, na kuitwa sauti ya wasaliti, ilionekana ilikuwa na haki. Lakini "polepole" hiyo imekuwa mwaka na nusu. Mwezi wa 12 mwaka 2023 tulipanga mstari kuchagua madepite wa mkoa. Leo gavana bado ni mwanajeshi aliyeteuliwa Kinshasa, hatoki kwa kura yao. Tulichagua watu, halafu tukaambiwa wasiongoze.

Basi tunadai nini? Mambo manne. Moja: Bunge likatae kuongeza siku 15 bila ripoti ya wazi juu ya watu waliouawa, watu waliokamatwa na pesa zilizotumika. Kifungu cha 144 kinawapa hata nguvu ya kumaliza état de siège kwa sheria, wakati wowote. Mbili: raia wahukumiwe na mahakama za raia. Tatu: maandamano ya amani yaheshimiwe kama kifungu cha 26 kinavyosema. Sisi tunajulisha kwa barua, hatuombi ruhusa. Nne: uongozi wa raia urudi, na jeshi lirudi kwenye kazi yake kubwa, kulinda watu Djugu, Irumu, Mambasa, Mahagi na Aru.

Na sisi wenyewe, kuanzia kesho? Kila kartye iwe na daftari. Mtu akikamatwa, andikeni siku, saa, mahali, na nani alimchukua. Msiandike uvumi, andikeni mlichoona. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu, awasiliane mara moja na familia ao wakili, na asizidi saa 48 bila kufikishwa kwa wenye sheria. Kijifunzeni kwa kichwa, mkifundishe kwa Kiswahili, kwa Kilendu, kwa Kihema, kwa Alur. Ukikamatwa, usitukane, usikimbie, usipigane. Sema jina lako na uombe wakili. Na tusikubali mtu atugawe kwa kabila. Siku tutakapotetea tu wale wa kwetu, tutakuwa tumewafanyia kazi wenye bunduki.

Wandugu, tunataka amani kuliko mtu yeyote, juu sisi ndio tunazika. Lakini amani ile tunaitaka, mtu anaishi ndani yake akiwa amesimama, na anasema. Siku 30 zimekwisha. Zilikwisha zamani. Ni wakati wa kutoa hesabu.