Neno "Rahisi" na Asili Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za neno moja mlijualo sana, nalo ni rahisi.

Katika soko la Majengo, mjini Dodoma, mnunuzi akisema, "Zabibu hizi ni rahisi," maana yake bei yake ni ndogo. Mwanafunzi naye akisema, "Hesabu hii ni rahisi," maana yake si ngumu. Je, neno moja lawezaje kubeba maana mbili?

Asili yake ni Kiarabu. Kwa Waarabu rakhis ni kitu cha bei ndogo. Shina lake lina maana ya ulaini, na katika shina hilo hilo limetoka neno letu ruhusa. Kwani aliyepewa ruhusa amelegezewa amri. Kiswahili kimelipanua neno hilo: kisichodai fedha nyingi ni rahisi, na kisichodai taabu nyingi ni rahisi pia.

Wako wasemao kwamba maana ya kwanza tu ndiyo sahihi. Sisi hatukubali, na shahidi wetu ni Kiingereza. Baada ya Wanormani wa Ufaransa kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa, na maneno yake mengi yakaingia katika Kiingereza. Mojawapo ni nice. Asili yake ni Kilatini nescius, yaani asiyejua. Na katika Kifaransa cha zamani lilikuwa na maana ya mpumbavu. Waingereza nao kwanza walilitumia hivyo. Kisha likawa la mtu mwenye kuchagua mno, na hata kufika karne ya 18 likawa neno la kusifu kitu chema. Kama asili ingekuwa hakimu, kila Mwingereza asifiwaye kwa neno hilo angekuwa ametukanwa!

Basi asili hutuonyesha neno lilikotoka. Maana yake huamuliwa na wenye kulitumia. Lakini wenye kulitumia hawana budi kuangalia. Fundi akimwambia mwenye kiwanja, "Nyumba hii ni rahisi kuijenga," fundi huenda awaza kazi, na mwenzake awaza fedha; ugomvi huzuka siku ya malipo. Ni heri fundi aseme wazi: "Kazi yake si ngumu," au, "Gharama yake ni ndogo."