GARI LIMERUDI, INJINI IMEKUFA: NANI ATALIPA?

(Haya ni maneno ya fundi wa motokaa, mwanachama wetu, aliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi. Wanachama wengi waliomba yachapishwe ili wale ambao hawakufika nao wapate kuyasoma.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalovunja urafiki mwingi kati yetu. Mfanya kazi ameweka akiba miaka mingi, au amechukua mkopo katika chama cha akiba, akanunua kigari chake. Mwenzake amefiwa nyumbani, au ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, au ana arusi. Anaomba gari, anapewa kwa moyo mweupe. Siku ya pili gari linarudi limefungwa kamba nyuma ya lori, injini imekufa. Hapo maneno yanaanza. Mwenye gari asema, "Umeniulia gari." Aliyeazima asema, "Gari lako lilikuwa bovu tangu zamani." Wazee walisema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Neno langu leo ni moja. Kabla hamjauliza nani atalipa, ulizeni kwanza injini imekufa kwa sababu gani. Mwajiri anapotaka kumfukuza mmoja wetu, sisi hudai ushahidi, na hudai mshtakiwa asikizwe. Basi haki tunayomdai mwajiri, tuipeane sisi kwa sisi.

SAA YA KWANZA

La kwanza: msijaribu kuwasha injini tena. Nimeona magari mengi ambayo yangetengenezwa kwa fedha kidogo, lakini watu walisema, "Hebu tuone kama itawaka," na hapo ndipo uharibifu mkubwa ulipotokea.

La pili: kama injini ni moto, msifungue kifuniko cha rejeta. Maji yale yamefungiwa kwa nguvu, nayo huruka na kumchoma mtu uso. Wala msiimwagie maji baridi, maana chuma cha moto kikipata baridi ghafla hupasuka. Ngojeni ipoe.

La tatu: angalieni pamoja, mwenye gari na aliyeazima. Chomoeni kijiti cha kupimia oili mkione wote wawili. Tazameni maji. Andikeni kilomita zilizo kwenye saa ya gari, mpige na picha kwa simu. Kisha aliyeazima aandike kwa mkono wake: alitoka wapi, alikwenda wapi, ni taa gani iliwaka, alisikia mlio gani, na baada ya dalili ile aliendesha mwendo gani kabla ya kusimama. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

La nne: gari livutwe mpaka gereji mliyokubaliana wote, na injini isifunguliwe mpaka wote wawili mmefika au mmetuma mtu. Vipande vya zamani visitupwe. Gasketi iliyoungua, beringi iliyolika, belti iliyokatika, vyote vitiwe katika mfuko. Chuma hakina undugu wala uadui, kitasema kilichotokea.

INJINI YENYEWE INASEMA NINI

Sasa niwaeleze vifo vya injini vilivyo vya kawaida, na jinsi ya kuvisoma.

(1) Kuchemka. Maji yamepungua, au feni haifanyi kazi, au bomba limepasuka. Mshale wa joto unapanda. Dereva akisimama mara moja na kuzima, mara nyingi injini hupona. Akiendelea, silinda hedi hupinda, na gasketi huungua. Utaona moshi mweupe usiokwisha, na oili imekuwa kama chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji. Fundi anaweza kupima hedi kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa injini nyingi hiyo tayari ni hasara.

(2) Kukosa oili. Taa nyekundu ya oili si ya kusema "Nitatazama nikifika." Maana yake ni kwamba nguvu ya kusukuma oili imekwisha, na chuma kinasagana na chuma. Hapo ni kusimama papo hapo. Akiendelea, beringi zitagonga, kisha injini itashika kabisa. Lakini hapa mwenye gari naye ajiulize: je, nilimpa gari lenye oili ya kutosha? Ikiwa gari hunywa oili kila juma nawe hukumwambia, una sehemu yako katika hasara hii.

(3) Belti ya taimingi kukatika. Belti hii ina umri wake. Viwanda vingi husema ibadilishwe karibu na kilomita 100,000, vingine mapema zaidi. Ikikatika, katika injini nyingi pistoni hupiga valvu na kuzipinda. Inaweza kukatika mkononi mwa mtu yeyote, hata anayeendesha kwa adabu. Hapa si haki kumtoza aliyeazima kwa sababu tu ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

(4) Mafuta yasiyo yake. Mtu ametia petroli katika gari la dizeli. Akitambua kabla ya kuwasha, tangi litamwagwa na kusafishwa, basi. Akiwasha na kwenda, pampu ya mafuta huharibika, maana dizeli ndiyo inayoilainisha, na petroli hailainishi. Hili ni kosa la aliyejaza. Ikiwa mfanya kazi wa kituo ndiye aliyekosea, risiti itafutwe siku hiyo hiyo na msimamizi wa kituo aelezwe.

(5) Maji ya mafuriko. Wakati wa mvua kubwa za mwaka 2024 tuliona Nairobi magari mengi yamezama barabarani. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hujaribu kuyabana, lakini maji hayabaniki, na konrodi hupinda. Aliyeingiza gari katika maji asiyojua kina chake amejitakia.

NANI ABEBE MZIGO

Basi tumekwisha jua sababu. Tugawanye vipi? Mimi hutumia swali moja: kama dereva angalisimama dalili ilipotokea, gharama ingalikuwa ngapi? Kiasi hicho ni cha mwenye gari, kwa kuwa ni uchakavu wa gari lake. Kilichozidi hapo, kwa sababu dereva hakusimama, ni cha dereva.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Bomba la maji limepasuka kwa uzee. Bomba jipya na kazi ya kulitia ni Sh. 3,000/-. Dereva aliona mshale umepanda, akasema Thika si mbali, akaendelea. Hedi imepinda, gasketi imeungua, jumla ni Sh. 63,000/-. Mwenye gari alipe Sh. 3,000/- za bomba lake, aliyeazima alipe Sh. 60,000/-. Lakini ikiwa mwenye gari alijua bomba linavuja akanyamaza, mambo hubadilika, naye abebe sehemu kubwa zaidi.

Jambo jingine. Magari yetu mengi yameletwa Kenya yakiwa yamekwisha tumika, hasa kutoka Japani. Injini iliyokwenda kilomita 200,000 si injini mpya. Usiseme, "Nataka injini mpya," ukamfanya mwenzako akununulie kitu bora kuliko kile alichokiharibu. Kinachodaiwa ni kurudishiwa hali uliyokuwa nayo. Na injini ikibadilishwa, nambari yake ipelekwe kwa wenye kuandikisha magari, yaani NTSA, ili ilingane na logibuku. Usipofanya hivyo utapata taabu siku ya kuuza.

SHERIA NA BIMA

Sheria yetu ya kuazima vitu inafuata msingi wa kale uliotoka Uingereza. Katika hukumu mashuhuri ya mwaka 1703, kesi ya Coggs na Bernard, ilielezwa kwamba mtu aliyeazima kitu bure, kwa faida yake mwenyewe, anapaswa kukitunza kwa uangalifu mkubwa sana. Kitu kikiharibika mkononi mwake, yeye ndiye wa kueleza kwamba hakukosa. Lakini halipi uchakavu wa kawaida. Na akipita mpaka wa ruhusa, kwa mfano aliomba gari la kwenda Machakos akaenda nalo Kisumu, mzigo wake huwa mzito zaidi.

Wengi hudhani bima italipa. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kuwalinda watu wengine. Haitengenezi gari lako. Hata bima kubwa kwa kawaida hailipi injini iliyokufa kwa uchakavu au kwa kuharibika yenyewe. Tena, ukipokea fedha za kukodisha gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, unaweza kupoteza hata ulinzi uliokuwa nao. Someni hati zenu za bima.

Mkishindwa kupatana kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/-, na sheria inataka hukumu itolewe katika siku 60. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mfuko wenu wa vipande vya chuma, picha, na maandishi ya siku ya kwanza, hapo ndipo vitakapokuwa na thamani.

KUANDIKIANA

Lakini afadhali kupatana. Andikeni karatasi moja: sababu iliyopatikana, gharama yote, sehemu ya kila mtu, na siku za kulipa. Siku hizo zifuate siku za mshahara, na kila fungu liwe kiasi ambacho mtu anaweza kulipa huku watoto wake wakila. Fedha zilipwe gereji moja kwa moja, risiti zitunzwe. Mashahidi wawili watie sahihi. Usichukue kadi ya benki ya mwenzako kuwa rehani. Huko ni kumfunga mtu, si kudai deni.

Mjumbe wa chama anaweza kukaa kati yenu mkimwomba wote wawili, lakini hana amri ya kumtoza mtu.

GARI LA KAZINI

Wako madereva hapa, nao wameniuliza juu ya gari la mwajiri. Hapo sheria ni nyingine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi alifanya kosa kwa kusudi. Belti iliyokatika kwa uzee si kusudi lako. Na makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Kila unapoona kasoro iandike katika kitabu cha gari, na ubaki na nakala. Ukiletewa karatasi ya kukubali kukatwa, usitie sahihi kabla mjumbe wako hajaisoma.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Aliyeazima amekataa kuja gereji. Nifanye nini?
Jibu: Mwandikie umwambie siku na saa ya kufungua injini. Asipokuja, fungua mbele ya shahidi asiye ndugu yako, na fundi aandike alichokiona.

Swali: Je, nimpeleke polisi?
Jibu: Mtu uliyempa funguo kwa mkono wako si mwizi. Hili ni dai la fedha. Kumtisha mwenzako kwa seli hakutatengeneza injini.

Swali: Mimi ndiye niliyeazima, nami naona naonewa. Naweza kupeleka fundi wangu?
Jibu: Ni haki yako, mradi aje kabla injini haijaunganishwa tena. Baadaye atatazama nini?

MWISHO

Sikuja kuwaambia msiazimane magari. Sisi ni watu wa kusaidiana, na usiku mgonjwa akizidiwa hatuwezi kumwambia jirani angoje basi la asubuhi. Lakini kabla ya kutoa funguo, tumieni dakika tano. Pimeni oili na maji pamoja. Tazama leseni yake kama ni halali kwa gari la namna hiyo. Mwambie kasoro zote unazozijua, wala usione haya. Mwonyeshe taa nyekundu na mshale wa joto, kisha umwambie neno hili: "Ukiona hii imewaka, simama, zima, nipigie simu. Hata ukichelewa sitakulaumu."

Neno hilo ni muhimu. Madereva wengi huua injini kwa kuogopa kumpigia simu mwenye gari. Aliyehakikishiwa kwamba hatatukanwa, atasimama.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.