Karatasi Ikipotea, Hesabu Isipotee

(Mazungumzo kwa waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)



Leo sikuja na mambo mengi. Nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja kinachovunja vikundi vyetu hata pale ambapo hakuna mwizi: karatasi zinazopotea.

Siku moja niliitwa na kikundi cha akina mama wenye kitalu cha miche ya chai na shamba dogo wanalochuma pamoja. Nilimkuta mweka hazina amekaa peke yake upande mmoja, wengine wote upande wa pili. Simu yake ilikuwa imeibwa sokoni, na meseji zote za M-Pesa zilikwenda nayo. Karatasi za benki alizitundika jikoni karibu na moto, na maandishi yalikuwa yamefutika. Mama mmoja akaniambia, "Hata usitueleze mengi. Huyu amekula pesa." Yule mweka hazina hakujibu. Alikuwa analia tu.

Nikawaambia hivi: kila shilingi ina watu wawili, aliyetoa na aliyepokea. Karatasi ya mmoja ikipotea, ya mwenzake huenda iko. Basi tukagawana kazi.

Kwanza, benki. Watia sahihi walikwenda na vitambulisho vyao na cheti cha kikundi, wakaomba taarifa ya akaunti ya miezi sita. Walilipia, lakini waliipata.

Pili, M-Pesa. Mweka hazina alirudishiwa namba yake kwa laini mpya, kisha akaomba taarifa kwa kubonyeza *334#. Meseji ikipotea kwa simu yako, kumbukumbu haijapotea kwa kampuni.

Tatu, kiwanda. Majani yakipimwa kituoni, kilo huandikwa kwa namba ya mkulima, na kiwanda kina hesabu ya kila mwezi. Hapa sikilizeni vizuri. Kilo mara bei haitakuwa sawa na pesa iliyoingia benki, kwa sababu mbolea ya mkopo na makato mengine hutolewa kwanza. Wengi huona pengo hilo wakafikiri mtu ameiba. Andika pesa yote ya majani kama mapato, kisha andika makato kama matumizi. Na bonasi, ambayo kwa kawaida huja karibu na mwezi wa Oktoba, iwe na mstari wake. Usiichanganye na malipo ya mwezi.

Nne, pesa taslimu. Hii ndiyo ngumu. Mwenye duka alikuwa na nakala ya kaboni kwenye kitabu chake cha risiti. Waliolipwa kwa kuchuma na kwa kubeba miche tuliwauliza mmoja mmoja mbele ya watu wawili, wakatia sahihi au kidole gumba.

Jioni tukajumlisha. Walianza na Sh. 12,300. Ziliingia Sh. 41,500. Zilitoka Sh. 33,950. Ilipaswa kubaki Sh. 19,850, lakini benki na kwa sanduku zilikuwa Sh. 19,000. Pengo lilikuwa Sh. 850.

Mtu mmoja akasema, "Si tutafute risiti tupu tuandike nauli, yaishe?" Nilikataa. Risiti ya uongo ni mbaya kuliko risiti iliyopotea, kwa maana ikigunduliwa moja, hakuna atakayeamini zile za kweli. Tuliandika kitabuni, kwa kalamu, siku hiyo hiyo: "Sh. 850, hazijulikani zilivyotumika." Wote wakatia sahihi. Yule mama aliyesema pesa zimeliwa ndiye aliyevuka kwanza kwenda kukaa karibu na mweka hazina.

Wapendwa, msingoje mpaka mtu alie. Anzeni wiki hii:

1. Andika siku ile ile pesa inapoingia au kutoka: tarehe, nani, kwa nini, kiasi gani, na baki.

2. Ikiwa ni M-Pesa, nakili kitabuni ile namba ya muamala, herufi na tarakimu zote. Simu ikipotea, namba iko.

3. Karatasi nyororo za mashine hufutika kwa joto na jua. Zipigie fotokopi, uziweke kwenye bahasha ya kila mwezi, mbali na jiko.

4. Hesabu uliyoijenga upya iwekee alama, useme ulipata wapi: benki, kiwanda, duka au shahidi. Usifute ya zamani. Ipige mstari mmoja tu ili isomeke.

5. Mtu wa pili, asiye mweka hazina, alinganishe kitabu na taarifa ya benki kila mwezi. Hiyo si kumshuku mwenzako. Ni kumkinga.

6. Tunzeni vitabu. Sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara ziwekwe miaka 5.

Kazi ya mweka hazina hailipwi, na lawama zake ni nyingi. Tukitaka watu waaminifu waikubali, tuwape kitabu kitakachowatetea siku ambayo karatasi hazipo.