Kipato cha Mzazi: Mahakama Ihesabu Nini Inapopanga Matunzo ya Mtoto?



Talaka ikishatoka, ni nadra baba kubisha kwamba anapaswa kumtunza mwanawe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishalimaliza hilo: atoe makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake. Vita huwa ni uwezo huo una thamani ya shilingi ngapi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 44 kama ilivyotungwa, inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wao wa kujipatia kipato, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Haikuweka kiwango, na ilifanya vyema. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, ukabaki kwenye vitabu hadi fedha hiyo ikawa haitoshi hata nauli ya daladala.

Mwajiriwa ndiye rahisi, ingawa naye ana mbinu zake. Makato ya kodi na ya mfuko wa hifadhi ya jamii hayana mjadala. Mkopo wa benki au wa SACCOS ni habari nyingine, hasa ukichukuliwa baada ya shauri kufunguliwa. Mkopo wa namna hiyo usipunguze sahani ya mtoto. Tusisahau pia posho: wapo ambao mshahara wao ni mdogo kwenye karatasi, lakini safari na vikao ndivyo vinavyowajengea nyumba.

Kazi iko kwa asiye na karatasi. Chukueni dereva wa bodaboda anayesema mbele ya hakimu, “Mimi ni kibarua tu.” Aulizwe anapeleka hesabu ya shilingi ngapi kwa tajiri wake. Tuseme kwa siku anaingiza 25,000, hesabu 10,000, mafuta 6,000. Anabaki na 9,000. Kwa siku 26 ni 234,000, kabla ya matengenezo. Na kama pikipiki ni ya mkataba, siku mkataba ukiisha ile 10,000 inakuwa yake, na mama ana haki ya kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe.

Kwa mwenye duka tuwe waangalifu upande wa pili. Makadirio ya TRA kwa mfanyabiashara mdogo hufuata mauzo, si faida. Vivyo hivyo taarifa ya miamala ya simu: fedha iliyopita kwenye laini yake huenda ni mtaji wa mzigo. Mkulima wa korosho wa Mtwara naye hapati fedha kila mwezi; hulipwa baada ya minada. Kumwamuru alipe kila tarehe mosi ni kutengeneza deni. Bora sehemu kubwa, ada ikiwemo, ilipwe msimu wa mauzo.

Nani athibitishe? Mama aliyeachwa hawezi kujua kilichomo kwenye akaunti ya mtu aliyehama nyumba. Akishaonyesha dalili, yaani shamba, gari, au ada ya shule anayowalipia watoto wa nyumba mpya, maoni yangu ni kwamba mzigo wa kueleza umhamie mwenye siri hizo. Akinyamaza, mahakama ikadirie kwa namna anavyoishi. Taarifa ya afisa ustawi wa jamii ina thamani hapa, mradi afisa afike kwenye nyumba zote mbili. Na aliyeacha kazi kwa hiari ili aonekane hana kitu asipewe unafuu wa mgonjwa.

Waheshimiwa mahakimu, ombi langu ni moja: amri isiishie kwenye “alipe 100,000 kwa mwezi.” Andikeni mmekadiria kipato kiasi gani, mmetoa nini na kwa nini, ili anayekata rufaa au kuomba mabadiliko miaka miwili baadaye awe na pa kuanzia.