Volti 12 au 24 kwa Gari la Maziwa?

Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Lafey



Kuna vikundi hapa vinavyoweka pesa ili vinunue friji na sola za kufunga ndani ya gari. Gari lifuate ngamia malishoni, lilale huko siku mbili tatu, kisha lirudi na maziwa ambayo hayajachacha. Wazo ni zuri. Lakini kuna swali ambalo watu huuliza mwisho, na lilitakiwa kuwa la kwanza: volti ngapi? Mkishanunua inveta ya volti 12, hamwezi kuigeuza iwe ya 24. Pesa imekwenda.

Tuanze na kitu mnachokijua. Lori likisimama hapa kutoka Elwak, chungulieni sanduku la betri. Ziko mbili, chanya ya moja imefungwa kwa hasi ya nyingine. 12 na 12 ni 24. Probox ina moja tu. Je, kwa nini mwenye lori ajisumbue na betri mbili? Kwa sababu kazi ni kubwa, na waya haupendi kubeba ampea nyingi.

Fikirieni punda. Mitungi 50 ya maji yaweza kubebwa na punda 50, kila mmoja mtungi mmoja, au na punda 25 wakibeba miwili miwili. Maji ni yale yale, lakini kwenye njia nyembamba wale 50 watabanana. Punda ni ampea, mitungi anayobeba kila punda ni volti, na njia ni waya wenu.

Sasa hesabu. Mzigo wa wati 600 kwa volti 12 unavuta ampea 50. Kwa volti 24 ni ampea 25. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 10, mita tano kwenda na tano kurudi. Kwa volti 12 mtapoteza karibu wati 45 njiani, zikawa joto tu, na friji itapata volti 11 na kidogo. Kwa 24, waya huo huo unapoteza wati 11 hivi. Ampea zikipungua nusu, hasara inashuka hadi robo. Hata chaja kontrola inafaidi: ile ya ampea 30 inayobeba paneli za wati 360 kwa volti 12, kwa 24 inabeba wati 720.

Hii si hila ya wenye duka. Laini inayoleta umeme Kenya kutoka Wolayta Sodo kule Ethiopia hadi Suswa, iliyoanza kazi mwaka 2022, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na inakwenda kwa volti 500,000. Sababu ni hiyo hiyo ya punda.

Basi, kila mtu achukue 24? Hapana. Kikundi chenye taa nne na simu za kuchaji kibaki na 12, kisipoteze pesa. Friji kubwa ikiingia, hapo 24 inajilipa. Tena angalieni gari lenyewe. Lori huchaji kwa 24, kwa hiyo mambo ni rahisi. Pikapu ya volti 12 itahitaji kifaa cha kupandisha volti ndipo injini isaidie kuchaji, na kifaa hicho kina bei yake. Kuhusu 48, sisi tunasema bado. Ni betri nne, moja ikichoka inazivuta zote, na fundi wetu amezoea vitu vya lori.

Lililo zito zaidi ni hili: betri ya friji isiwe ile ya kuwashia gari. Friji ikiimaliza usiku, asubuhi mko porini na gari haliwaki, na wazee na watoto wanangoja maji. Tengeni kabisa.

Betri mbili za 24 ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, zimenunuliwa siku moja. Mpya na kuukuu hazikai pamoja. Na mtu asije akachomeka redio ya volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Ile itachoka na mwenzake atachemka kwa kuchajiwa kupita kiasi. Tumieni kishusha volti. Fyuzi ikae karibu na betri, si mwisho wa waya. Volti 24 haikupigi kama stima ya nyumbani, lakini spana ikiangukia vichwa vya betri itawaka moto. Na betri zikae kivulini penye hewa, kwa maana joto la huku linazimaliza haraka.

Kabla hamjalipa chochote, someni kibandiko nyuma ya friji. Nyingi za sola zinakubali 12 na 24 zote. Andikeni wati zake, pimeni kwa kamba umbali wa kutoka betri hadi friji, mje na hivyo viwili mkutano ujao. Tutapiga hesabu ya waya pamoja, kikundi kimoja kimoja.