Makaroni kwa kuku na mboga: sufuria moja, moto mdogo

(Muziki wa kipindi, sekunde kumi na tano. Unashuka pole pole.)

Amani kwenu wamama mlio kwenye mstari wa maji na ndoo zenu, wababa mliokaa nje mnapunga upepo, na vijana wenzangu mliobeba redio begani. Nawasalimu wa Musasa, wa Kinama, wa Bwagiriza, wa Kavumu, wa Nyankanda, na nyinyi wa Musenyi. Nawasalimu pia wale waliobaki kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, kwa jamaa au kwenye vyumba vya kupanga. Hiki ni kipindi chetu cha jikoni.

Leo tunapika makaroni kwa mchuzi mzito wa kuku na mboga. Wale waliokulia Kigoma watasema tambi. Ni kitu kilekile, tusigombane.

Kabla ya kuwasha moto, nina deni. Juzi mama mmoja alinisimamisha penye bomba la maji. Aliniambia hivi: “Mwanangu, ulipotufundisha kuloweka maharage tangu jioni, nilikusikiliza. Leo nasikia unatuletea kuku na makaroni. Posho imepungua. Kuku tutamtoa wapi?” Watu wote waliokuwa pale walinyamaza wakinitazama, na ndoo yangu ilikuwa bado haijajaa, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukimbia.

Mama, swali lako ni la haki, na sitalizunguka. Kuku wapo. Amka saa kumi na moja asubuhi usikilize majogoo yanavyojibizana kutoka nyumba hadi nyumba. Wengi wetu tunafuga wawili, watatu. Tunawauza tukihitaji sabuni au daftari la mtoto, na siku moja moja tunamchinja mmoja: mtoto amepata diplome, mgeni amekuja kutoka mbali, msiba umeisha. Siku hiyo tunafanya nini? Tunamchemsha kuku mzima kwa kuni za siku mbili, watu wazima wanakula nyama, watoto wanapata mchuzi mwembamba, na kesho yake hakuna kitu. Mimi leo nasema nusu kuku inaweza kulisha watu sita, kwa kuni chache sana. Sijasema mpike kila wiki. Na sijasema hata kidogo kwamba mtu auze unga wa mwezi mzima ili apate makaroni ya usiku mmoja. Anayefanya hivyo, watoto wake watalala njaa wiki ya tatu.

Na kuna jambo la kuni. Maharage yasiyolowekwa yanakula moto saa tatu. Makaroni yanaiva kwa dakika kumi, kumi na mbili. Wamama wanajua ninachosema. Kuni hazioti mlangoni. Anayezifuata ni mama au binti, anatembea mbali, wakati mwingine peke yake, na tunajua yanayowapata wengine huko porini, hata kama jioni hatuyasemi kwa sauti. Kuna pia ugomvi na wenyeji, maana miti ni yao. Kila mzigo wa kuni tusioutumia ni safari moja ambayo binti hakwenda. Kwa hiyo nikisema chakula cha haraka, sizungumzii mtu mwenye haraka ya kwenda ofisini.

(Muziki mfupi.)

Chakula hiki nilikijua Rumonge. Tulivuka ziwa Januari 2018, wakati watu wengi wa Fizi walipokimbilia Burundi kwa mitumbwi. Mama aliyetupokea alikuwa na michikichi nyuma ya nyumba, kama nyumba nyingi za huko. Rumonge ni nchi ya mawese. Ukitoka Bujumbura ukifuata ziwa, michikichi inakusindikiza. Sokoni unakuta ndagala kwenye mikeka, mikeke ya kukaushwa, na ngazi nyekundu zimejaa vikapuni.

Yule mama hakuwa na maziwa, lakini mchuzi wake ulikuwa mzito na laini kama wenye siagi. Siri ilikuwa ngazi. Anazichemsha mpaka ganda linalegea, anazitwanga kwenye kinu taratibu bila kuvunja kokwa, anamimina maji ya moto kiasi, anakamua kwa mikono, anachuja. Nyuzi na kokwa zinabaki, mchuzi unashuka. Sisi wa ng’ambo tunauita moambe, na tunaujua tangu utotoni: kuku wa moambe ni chakula cha sikukuu Kongo nzima. Yeye siku moja alikosa unga wa muhogo, akanunua pakiti ya makaroni dukani, akayatia mlemle. Watoto walilamba sufuria. Wazee walisema ni chakula cha kitoto, halafu wakaomba tena.

Kwa hiyo nyinyi mlio kando ya ziwa, tumieni ngazi. Mnazo, na bei yake mnaijua. Lakini huku juu, Ruyigi na Cankuzo, ngazi mbichi ni shida kuzipata. Huku tutatumia karanga, na ladha haipotei.

Chukueni kalamu, au mwambie mtoto ashike kichwani. Kwa watu sita: pakiti moja ya makaroni ya gramu 500. Nusu kuku. Vitunguu viwili. Nyanya tatu. Karoti mbili. Lengalenga fungu moja, au robo ya kabichi. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko vikubwa sita vilivyojaa. Mawese vijiko vitatu. Chumvi. Pilipili moja nzima, haipasuliwi, inaelea tu juu ili watoto waweze kula.

Karanga kwanza, maana hapo ndipo hatari imejificha. Zimwage kwenye ungo, uzichague moja moja. Iliyo na ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, itupe. Usimpe kuku pia. Ule ukungu unaacha sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Nimeona watu sokoni wakinunua karanga zilizokwisha kutwangwa kwa sababu ni rahisi. Mimi sinunui. Karanga iliyooza ikishatwangwa huwezi kuiona tena.

Na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Kile kipakiti chenye uji wa karanga alichopewa mtoto kwenye kituo cha afya kwa sababu amekonda, si cha mchuzi. Kinafanana na karanga, kina utamu, na ukikitia kwenye sufuria mchuzi utakuwa mzito kweli. Lakini ile ni dawa ya mtoto mmoja, imepimwa kwa siku zake. Ukiigawa kwa watu sita, hakuna aliyeshiba na yule mmoja hatapona. Najua kinauzwa sokoni. Usikinunue kwa ajili ya kupika.

Sasa kuku. Kuku anayesinzia, ameshusha mabawa, anaharisha kijani, ni mgonjwa. Kuku aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama alikufa sasa hivi na bado ana joto. Najua inauma kufukia nyama. Mfukie chini sana, mbwa asimfukue, na kuku wengine wasifike hapo.

Kata mboga kwanza, kuku baadaye. Mpango huu ni wa makusudi: kisu kikipita kwenye nyama mbichi kisha kikaenda kwenye nyanya, umehamisha ugonjwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Wa Rumonge na kando yote ya ziwa, mnaijua kipindupindu kuliko mimi. Maji ya ziwa yanaonekana safi asubuhi, mtu anaona mpaka mawe ya chini. Hata hivyo msioshee mboga maji hayo kama hayakuchemshwa au kutiwa dawa.

(Sauti ya kisu kwenye ubao. Sekunde tano.)

Kuku wetu wa kienyeji ni mgumu. Jogoo aliyezeeka hataiva kwa dakika ishirini hata umwombee. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kata nyama ndogo ndogo, kama ncha ya kidole gumba, na mifupa uitie yote maana utamu uko huko. Kuku mdogo ataiva hivyo bila shida. Ya pili ni ya jogoo, na ndiyo ninayoipenda: kikapu. Chukua kikapu kikubwa au boksi, kitandike majani makavu ya mgomba mengi na blanketi kuukuu. Chemsha nyama na chumvi na maji lita moja na nusu kwa dakika ishirini, ichemke kweli kweli. Usifungue kifuniko. Itoe motoni, itie upesi kwenye kikapu, funika na blanketi jingine mpaka juu, kaza. Iache saa mbili. Moto umezimwa, lakini nyama inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Ukifungua, mvuke lazima ukupige usoni. Ukikuta imepoa, kikapu chako kinavuja. Ongeza majani siku nyingine, na nyama hiyo ichemshe tena vizuri sasa hivi.

Nyama ikiiva, ule mchuzi wake usimwage. Utapikia makaroni.

Weka sufuria kwenye mbabula, tia mawese. Hapa nitagombana na mama zangu. Tumezoea kuyachoma mawese mpaka yanatoa moshi na kuwa meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A, ya macho na ya kinga dhidi ya magonjwa. Ukiichoma umeilipia bure. Yapashe moto kidogo tu, tia kitunguu kilainike, tia nyanya na karoti, tia nyama uigeuze geuze. Kama ni kuku mdogo ambaye hakupita kwenye kikapu, mwache hapa dakika ishirini na maji kidogo, mpaka ukichoma kipande hakuna maji mekundu yanayotoka.

Mimina mchuzi uliobaki, uongeze maji ufike lita moja na nusu. Ukichemka, tia makaroni makavu humo humo. Wengi wanachemsha makaroni peke yake halafu wanamwaga maji. Mimi sioni sababu. Maji tumeyapanga mstari, na ule unga unaobaki kwenye maji ndio unaoshika mchuzi. Koroga mara kwa mara, yasigande chini.

Baada ya dakika saba au nane, koroga karanga na maji ya vuguvugu kwenye bakuli mpaka iwe kama uji, bila madonge. Imimine. Punguza makala. Kuanzia hapa usiondoke, hata jirani akikuita. Karanga inashika chini upesi. Kwa wenye ngazi, mimina moambe yenu mahali pa karanga, lakini punguzeni maji ya mwanzo na yale mawese vijiko vitatu muyaache, maana mafuta yamo tayari. Dakika tano za mwisho tia lengalenga. Ibaki kijani. Lengalenga iliyopikwa nusu saa inapoteza sehemu ya faida yake.

Sufuria ikitoka motoni ifunike dakika tano. Mchuzi utajivuta na kuwa mzito wenyewe.

Kugawa ni kazi nyingine. Nyama ikiwa ndogo ndogo hivi, kila mtu anapata, na hakuna paja la baba. Wababa mnisamehe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kula, ukimpondea na kuondoa mifupa yote kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa macho. Mama mwenye mimba aongezewe.

Kisichoisha? Kwa nusu kuku na watu sita, kitaisha. Kikibaki, hatuna friji. Chakula chenye nyama kikikaa nje zaidi ya saa mbili kinaanza kuharibika hata kama hakinuki. Mpelekee jirani kikiwa bado cha moto. Kukiweka mpaka asubuhi ili mtoto ale kabla ya shule ni kumtafutia kuharisha.

Mama wa penye bomba, kama unasikiliza: asiye na kuku kabisa atie ndagala. Kikombe kimoja cha ndagala kavu, zioshe mara mbili kwa maji ya moto utoe mchanga, uzikaange kidogo kwenye mawese kabla ya nyanya, na chumvi uipunguze. Mengine yote ni yale yale. Haitachukua hata nusu saa, na mifupa ya ndagala inaliwa, inafaa kwa watoto wanaoota meno. Mimi mwenyewe, nikiambiwa nichague, sijui kama ningechagua kuku.

Kipindi kijacho tutatengeneza kikapu chenyewe, hatua kwa hatua, kwa vitu vinavyookotwa kambini. Tafuteni blanketi kuukuu mapema, na majani ya mgomba myaanike kuanzia leo, yanahitaji jua la siku tatu. Mlale salama.

(Muziki unapanda. Mwisho.)