Waya Uliozimwa

Leo twataka kunena juu ya jambo moja la umeme wa nyumbani: ni kwa alama gani mtu ajue kwamba waya anaotaka kuushika hauna umeme. Swali laonekana dogo, walakini mafundi hodari wamekufa kwa kulijibu upesi.

Umeme wa gridi si wa siku nyingi kwetu. Laini ya kilovolti 220 itokayo Makambako mpaka Songea ilizinduliwa mwaka 2019. Kabla ya hapo miji ya Songea na Mbinga ilitegemea mitambo ya dizeli, na vijijini nyumba nyingi zenye taa zilitumia paneli ya jua na betri ya volti 12. Betri ile humvumilia mtu mzembe. Kijana huunga waya zake kwa vidole vitupu, wala hapatwi na neno. Sasa kijana yule yule, kwa vidole vile vile, aikaribia soketi ya volti 230. Mazoea hayo ndiyo tunayoyaogopa kuliko ujinga wenyewe.

Na tufanye hesabu. Ninyi wanafunzi mtatusaidia. Chukueni globu ya wati 7, mgawe kwa volti 230, mtapata ampea 0.03, yaani miliampea 30. Mkondo mdogo namna hiyo, ukipita kifuani na kudumu, waweza kumwua mtu. Je, breka ya ukutani haitamwokoa? Breka ya taa aghalabu ni ya ampea 6 au 10, na ampea 10 ni zaidi ya mara 300 ya mkondo ule. Breka hiyo imewekwa ili waya usiungue, mtu haimjui. Kiko kifaa kingine, breka ikatayo umeme unapovuja, nayo iliyo ya kulinda watu hukata kwa miliampea 30. Heri nyumba iliyo nacho, na heri zaidi ikiwa wenyewe hukibonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara.

Watu wengi husema, "Taa imezimika, basi umeme haupo." Si kweli. Swichi ya ukutani hukata waya mmoja tu, nao wapasa kuwa waya wa layini. Fundi mzembe akiiweka swichi kwenye nyutro, taa itazimika vizuri kabisa, na huko darini kishikio cha globu kitabaki na umeme wake wote. Kadhalika umeme ukikatika mji mzima, hurudi bila kubisha hodi. Tena nyumba yenye paneli na inveta, au jenereta, yaweza kuwa na umeme hali nguzo ya nje haina kitu.

Wengine huitegemea bisibisi ya testa, ile yenye kitaa ndani ya mpini. Kitaa hicho huwaka kwa kuwa mkondo mdogo mno hupita katika mwili wa mshikaji mpaka ardhini. Basi aliyevaa viatu vya mpira na kusimama juu ya kigoda kikavu aweza kukikosa. Penye jua kali haonekani mwanga wake. Na kitaa chenyewe huharibika. Testa ikiwaka, jueni hatari ipo. Ikinyamaza, haijasema lolote.

Fundi mwangalifu hufanyaje, basi? Kwanza huwauliza wenye nyumba umeme waingia kwa njia ngapi. Kisha kipimio chake chenye ncha mbili hukijaribu kwenye soketi ijulikanayo kuwa na umeme. Ndipo huzima swichi kuu, hufunga kisanduku kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Kufuli hiyo si ya bure: mama arudiye shamba jioni akikuta giza, mkono wake huenda swichini bila kufikiri, naye fundi yu juu ya ngazi. Baadaye hupima mahali pa kazi mara tatu: layini na nyutro, layini na ardhi, nyutro na ardhi. Akikuta kimya, haridhiki bado. Hukirudisha kipimio mahali penye umeme wa hakika, hata kwa jirani, aone kama kingali kizima; maana kipimio kilichokufa katikati ya kazi husema "hakuna" kila mahali. Hatua hii ya mwisho ndiyo irukwayo kuliko zote.

Ngazi na iwe ya mbao kavu. Na zile waya zitokazo kwenye mita mpaka swichi kuu hubaki na umeme hata swichi ikizimwa; mita na lakiri yake ni mali ya TANESCO, asiguse mtu.

Ninyi wavuvi, ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi, lakini ngozi yenye maji huupisha. Mtu atokaye mtumbwini miguu mitupu, mikono ikichuruzika, asiguse swichi mpaka ajikaushe.

Kazi ya kufunga umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kwa hiyo wanafunzi wasiende kufungua soketi za baba zao. Watazame tu kama fundi akijaribu kipimio chake kabla na baada. Asipofanya hivyo, mzee wa nyumba amwombe kwa heshima ashuke kwanza.

Na mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni swichi kuu. Ikiwa iko mbali, simameni juu ya kitu kikavu mkamsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumbana kifua mara moja, na mwingine akimbilie msaada. Akizinduka na kusema hajambo, mpelekeni hospitali vile vile, kwa kuwa moyo uliopigwa na umeme waweza kuchafuka baadaye.